Maswali ya Wasomaji: Vichwa vya Dizeli na Makumbusho ya Reli

Tangu tulipoandika habari za makumbusho ya reli yaliyomo katika stesheni ya zamani ya Jinja, barua zimekuwa zikitufikia kutoka Tororo, Nsambya, Malaba, Kasese hata Gulu, na zilizo nyingi haziulizi juu ya mvuke bali juu ya vichwa vya treni vya dizeli. Tumefurahi, kwa kuwa hilo ni eneo la historia yetu ambalo halijaandikwa vya kutosha. Barua nyingine tumezijibu kwa kirefu na nyingine kwa kifupi, kadiri swali lenyewe lilivyodai.

Dizeli na umeme kwa pamoja

Swali: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ninajiandaa kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita Jinja kuona makumbusho ya reli. Juzi tulipita stesheni wakaona kichwa cha dizeli kimesimama kinanguruma, na fundi mmoja akawaambia kwamba magurudumu yake yanazungushwa na umeme. Mwanafunzi akaniuliza: kama ni umeme, dizeli ni ya nini? Naomba jibu ambalo mtoto ataridhika nalo. (Mwalimu, Tororo)

Jibu: Mwalimu, fundi yule alisema kweli. Ndani ya kichwa cha dizeli cha aina iliyozoeleka zaidi mna injini kubwa ambayo haijaunganishwa na magurudumu kwa chuma chochote. Injini hiyo huzungusha jenereta, jenereta huzalisha umeme, umeme husafiri katika nyaya nene hadi kwenye mota zilizofungwa chini ya sakafu, kila moja ikihudumia ekseli yake, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili, na mota hizo ndizo zinazozungusha magurudumu kwa gia moja isiyobadilishwa.

Sababu ya kupita njia ndefu hivyo huonekana pale treni inapotaka kuondoka. Dereva wa lori lililosimama mlimani huachia klachi taratibu, nayo huteleza kidogo mpaka gari lishike mwendo. Lori la tani 30 linavumilia jambo hilo, lakini treni ya mizigo yenye tani 1,000 ingeiunguza klachi kabla ya behewa la mwisho kusogea. Mota ya umeme wa mkondo mnyoofu, ya aina iliyotumika katika vichwa vingi vya zamani, ina tabia inayoifaa kazi hii kabisa: huvuta kwa nguvu kubwa zaidi pale inapoanza, wakati ekseli bado haijazunguka, kisha nguvu hiyo hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka. Injini ya dizeli nayo inabaki huru kuzunguka kwa kasi inayoifaa yenyewe, hata kama treni inatambaa.

Uvutaji huo una mpaka, nao ni joto. Mkipata ruhusa ya kupanda katika chumba cha dereva cha kichwa chochote cha namna hii, waonyeshe wanafunzi geji ya ampia, yaani kipimo cha umeme unaokwenda kwenye mota, iliyo mbele ya kiti. Katika vichwa vingi uso wake umepakwa rangi kuonyesha kiasi ambacho mota zinaweza kukistahimili muda wote, na kiasi ambacho dereva anaruhusiwa kukitumia kwa dakika chache tu kabla nyaya za mota hazijaanza kuungua. Dereva hodari alipanda mlima jicho moja likiwa kwenye reli na jingine kwenye mshale wa geji hiyo. Chini, karibu na mguu wake, tafuteni pedali pana. Pedali hiyo hukanyagwa muda wote wa safari, na dereva akizimia mguu ukaiachia, treni hufunga breki yenyewe.

Vipo pia vichwa visivyo na jenereta wala mota, hasa vile vidogo vya kupangia mabehewa stesheni. Humo injini huzungusha mapanga ndani ya chombo kilichojaa mafuta, mafuta yanayorushwa na mapanga hayo yanazungusha mapanga mengine yaliyoyaelekea, na nguvu inaendelea hadi kwenye magurudumu. Mwanafunzi akiuliza atajuaje tofauti kwa kutazama nje tu, mwambie achuchumae aangalie chini: akiona mihimili inayozunguka ikienda kutoka gia moja hadi nyingine, huenda hicho ni cha mafuta, akiona mota zimekumbatia ekseli na nyaya nene zikizifikia, ni cha umeme.

Je, dizeli inastahili kuhifadhiwa?

Swali: Mimi ni mstaafu wa reli, nilikuwa fundi wa dizeli. Kila nikisikia habari za makumbusho ya reli, naonyeshwa picha za vichwa vya mvuke, simba wa Tsavo na Wazungu waliovaa kofia pana. Vichwa ambavyo sisi tulivifumua na kuvirudisha njiani vinakatwa na kuuzwa chuma chakavu, wala hakuna anayeuliza. Je, kuna nchi zinazohifadhi dizeli, au ni sisi wazee tunaotaka makubwa? (Mstaafu, Nsambya)

Jibu: Shikamoo, mzee wetu. Hamtaki makubwa. Nchi zilizotangulia kutumia dizeli nazo zilianza kuzihifadhi kwa kuchelewa, baada ya kupoteza baadhi ya zile zilizokuwa na thamani kubwa kuliko zote.

Mwezi wa Desemba 1947, karakana ya Derby huko Uingereza ilitoa kichwa cha kwanza cha dizeli cha njia kuu nchini humo, kilichopewa namba 10000 na kufungwa injini ya English Electric ya nguvu farasi 1,600. Kilifanya kazi, kikastaafu, na mwaka 1968 kikakatwa pamoja na pacha wake, namba 10001. Mwaka huohuo ndio reli ya taifa ya Uingereza ilipomaliza kutumia mvuke kwenye njia zake za kawaida, kwa hiyo kila mwenye mapenzi na fedha alikuwa amekimbilia kuokoa vichwa vya mvuke, na hakuna aliyegeuka kutazama cha dizeli kilichokuwa kikienda machinjoni. Leo kuna chama cha watu huko kinachohangaika kukiunda upya kwa kukusanya vipuri kutoka kwenye mashine nyingine, jambo ambalo lisingehitajika kama mtu mmoja mwenye mamlaka angetamka neno mwaka 1968.

Waliofuata walibahatika zaidi. D200, kichwa kilichoundwa na English Electric mwaka 1958, kiliokolewa kikaingizwa katika hazina ya Makumbusho ya Taifa ya Reli, yaliyofunguliwa York mwaka 1975. Nchini Marekani, treni ya chuma kisichoshika kutu iitwayo Pioneer Zephyr, ambayo tarehe 26 Mei 1934 ilikwenda kutoka Denver hadi Chicago, maili zaidi ya 1,000, kwa saa 13 na dakika 5, inaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Chicago. Katika makumbusho ya usafiri karibu na St. Louis kimo kichwa cha maonyesho namba 103 cha mwaka 1939, ambacho kilizungushwa katika reli za Marekani kuzithibitishia kampuni kwamba dizeli inaweza kuvuta mizigo mizito kuliko mvuke. Watu hulipa kiingilio kuviona, na watoto huvipenda.

Habari ya D200 inatuhusu kuliko mtu anavyoweza kudhani. Kampuni hiyohiyo ya English Electric ndiyo iliyoanza mwaka 1960 kuwasilisha vichwa vya dizeli vya njia kuu kwa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Vilikuwa na nguvu farasi 1,840, na vilitoka ukoo mmoja na D200: injini za familia ileile na mpangilio uleule wa ekseli nane, sita zikiwa na mota na mbili za kubeba uzito tu. Mganda anayesimama York mbele ya D200 anamtazama jamaa wa karibu wa mashine zilizovuta treni za Afrika Mashariki.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lako. Makumbusho ya reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, wakati mvuke ulikuwa unaondoka, na kwa haki kabisa yalikusanya kilichokuwa karibu kupotea. Ndiyo maana mgeni hukuta humo majitu kama 5918, Mount Gelai, mojawapo ya vichwa 34 vya daraja la 59, yaani aina ya 59, vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani zipatazo 252. Hukuta pia behewa ambamo afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikamatwa na simba huko Kima mwaka 1900. Ni hazina kubwa na tunaiheshimu. Lakini tazama tarehe zinavyosema. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikavuka Nile pale Jinja na kuingia Kampala mwaka 1931, yote hayo chini ya bendera ya wageni na kwa nguvu ya mvuke. Vichwa vya kwanza vikubwa vya dizeli vilikuja mwaka 1960, na Uganda ikapata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Miaka ambayo mvuke ulikuwa ukiipisha dizeli ndiyo hiyohiyo ambayo vijana wa Tororo, Kisumu na Tabora walikuwa wakikalia viti vya udereva, ofisi za stesheni na meza za karakana ambazo hapo kabla hawakupewa. Mwenye kutaka kueleza maisha ya reli ya Waafrika wenyewe hawezi kuishia kwenye mvuke. Ni lazima afike kwenye dizeli.

Na si miaka ya neema tu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika moja la reli likawa matatu, na Shirika la Reli la Uganda likajikuta na njia na mabehewa, ilhali karakana kuu iliyozoea kufumua vichwa vizito ilibaki Nairobi. Vichwa vya daraja la 73 vilivyonunuliwa kutoka kwa Henschel wa Kassel, Ujerumani, vilibeba mzigo wa nchi katika miaka migumu, na kilichovifanya visimame au viende kilikuwa ni mikono ya mafundi. Kwa maoni yetu, kimojawapo cha vichwa hivyo, kikiwa kamili na kikiwa na maelezo ya watu waliokitunza, kinastahili nafasi katika makumbusho ya Uganda kuliko sanamu au mfano wowote wa kuchongwa.

Tunasema kikiwa kamili kwa sababu dizeli ina adui ambaye huiharibu hata baada ya kuokolewa: shaba. Mota na nyaya zake zina shaba nyingi, na shaba hupata mnunuzi haraka. Mara nyingi kichwa kilichoachwa pembeni huonekana kizima kwa mbali, rangi ipo na vioo vipo, kumbe ndani kimeshakombwa. Bodi tupu ya namna hiyo haimfundishi mtu kitu. Kichwa cha mvuke hujieleza chenyewe, kwa kuwa pistoni na vyuma vyake viko nje kila mtu akiviona. Cha dizeli kimefunikwa kwa mabati, na mgeni asipofunguliwa milango ya ubavuni ataondoka akidhani ameona sanduku kubwa lililopakwa rangi. Makumbusho yanayojali hufungua milango hiyo, huweka taa ndani, na hukata silinda moja kwa wima ili pistoni, vali na kinyunyizio cha mafuta vionekane.

Kwa hiyo, mzee, kabla ya kudai kichwa kizima kihifadhiwe, wewe na wenzako mnaweza kudai jambo lililo rahisi zaidi na la haraka zaidi: kwamba kichwa kinachokwenda kukatwa kivuliwe kwanza kibati cha kiwanda, kibati cha namba, mkono wa kuongezea nguvu, geji, honi na kitabu chake cha matengenezo. Vitu hivyo vyote vinaingia katika kabati moja. Pia jitoleeni kurekodiwa sauti zenu mkieleza jinsi mlivyosikia hitilafu kwa sikio kabla ya kipimo chochote, kwa kuwa ujuzi huo haumo katika vitabu vya kiwanda na hautabaki baada yenu.

Namba ubavuni

Swali: Katika picha za zamani naona kichwa kilekile kikiwa na namba inayoanza na 90, na katika picha nyingine inaanza na 87. Je, ni vichwa viwili? (Mwanafunzi, Kampala)

Jibu: Huenda ni kimoja. Katika mpango wa Afrika Mashariki tarakimu mbili za mwanzo hutaja daraja na mbili za mwisho hutaja nafasi ya kichwa ndani ya daraja hilo, kwa hiyo 5918 ni cha kumi na nane katika daraja la 59. Vichwa vya English Electric tulivyovitaja hapo juu viliingia kazini vikiitwa daraja la 90, na baadaye madaraja yalipopangwa upya vikawa daraja la 87. Namba ikibadilika bila bodi kubadilika, angalia kibati cha kiwanda, kwa sababu namba ya kiwanda haibadiliki kamwe.

Kupanda Timboroa

Swali: Marehemu babu yangu alikuwa mlinzi wa treni, na alipenda kusema kwamba vichwa vya dizeli vilikosa pumzi vikipanda Timboroa. Alikuwa akitania, au ni kweli mashine hukosa pumzi? Tena, kwa nini vichwa vile vya zamani vilikuwa na magurudumu ya ziada mbele na nyuma? (Msomaji, Malaba)

Jibu: Babu yako alisema kitu cha kweli kabisa. Kilele cha njia hii huko Timboroa, kati ya Nakuru na Eldoret, kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na kila mzigo wa Kampala uliopitia njia hiyo kutoka Mombasa ulilazimika kupandishwa hapo kabla ya kuteremshwa hadi Malaba. Katika urefu huo hewa imepungua kwa takriban robo ukilinganisha na pwani. Injini ya dizeli huunguza mafuta kwa kiasi cha hewa inayoivuta, na ikinyweshwa mafuta yaleyale huku hewa ikiwa haba, hutoa moshi mweusi, hupata joto kupita kiasi na kupoteza nguvu.

Dawa yake ni turbo. Moshi unaotoka kwenye silinda haupotei bure, bali huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo huzungusha jingine ambalo hushindilia hewa ndani ya injini. Injini za English Electric zilizokuja kwetu zilikuwa na turbo. Hata hivyo turbo hupunguza tatizo na haiondoi, kwa hiyo mabingwa wa reli walipaswa kukadiria uzito wa treni kwa kupima mlima wenyewe, si kwa kusoma nguvu farasi zilizoandikwa kwenye karatasi za kiwanda. Hata huo mlio mwembamba wa juu ambao watu wa kando ya reli waliusikia kichwa kikipanda, ukipita juu ya mngurumo wa injini, ulikuwa wa turbo.

Magurudumu ya ziada yana habari nyingine, ambayo inaanzia kwenye njia yenyewe. Reli za kwanza zilizotandikwa zilikuwa nyepesi, za ratili 50 kwa yadi, na hata baada ya nyingi kubadilishwa kwa nzito zaidi, yalibaki madaraja ya kuvukia mito na matawi ya njia ambayo hayakuweza kustahimili ekseli nzito. Injini, jenereta na mota sita zina uzito mwingi. Waundaji wakaongeza ekseli isiyo na mota katika kila upande ili uzito ugawanywe kwa ekseli nane badala ya sita. Gharama yake ni kwamba sehemu ya uzito haikusaidia kushikilia reli wakati wa kuvuta, na siku ya mvua, magurudumu yakiteleza, dereva alihisi hasara hiyo mara moja na kulazimika kumwaga mchanga kwenye reli mbele ya magurudumu.

Kichwa kilicholala miaka mingi

Swali: Sisi ni vijana wa Kasese tunaopenda reli. Tunajua njia yetu ilifunguliwa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na sasa hakuna treni. Ndoto yetu ni kuona kichwa cha zamani cha dizeli kikiwashwa siku ya maonyesho. Kilicholala miaka 20 kinaweza kuwaka? Wengine wanasema ni kuweka betri na mafuta tu. (Kijana, Kasese)

Jibu: Kinaweza, na vichwa vya umri mkubwa zaidi ya huo vimewashwa katika nchi nyingine. Lakini anayesema ni betri na mafuta tu anaweza kuivunja mashine kwa sekunde moja.

Jambo la kwanza la kuogopa ni maji. Katika miaka ya kulala, mvua huingia kupitia bomba la moshi, na maji ya kupoozea huvuja kupitia mipira iliyochoka, yakajikusanya juu ya pistoni. Hewa hugandamizika, maji hayagandamiziki. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, pistoni inapanda na kukutana na maji yasiyo na pa kwenda, na kinachopinda ni mkono wa pistoni au kinachopasuka ni kichwa cha silinda. Kwa hiyo fundi mwenye adabu ya kazi hufungua kwanza vali ndogo iliyoko kwenye kila silinda, kisha huzungusha kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwa mkono, kwa mtaimbo maalumu, mzunguko mzima angalau mara mbili, akitazama kinachotoka katika kila vali. Akiona maji, kazi ya siku hiyo imebadilika. Kabla hata ya hapo huwa ameshavuta mafuta ya kulainisha kutoka chini ya injini na kuyatazama: yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia.

La pili ni umeme. Mpako unaozuia umeme kuzunguka nyaya za jenereta na mota hunyonya unyevu, na mashine yenye unyevu ikipewa mzigo huungua kutoka ndani. Hupimwa kwanza kwa megga, yaani kifaa kinachoonyesha jinsi mpako huo unavyozuia umeme, kisha hukaushwa kwa joto la taratibu kwa siku kadhaa hadi kipimo kiongezeke. Brashi za kaboni nazo hukaguliwa moja moja, na panya wa Kasese wasisahaulike, kwa kuwa hujenga ndani ya makabati ya umeme na kula mipira ya nyaya.

La tatu ni hatari kwa miili yenu wenyewe. Vichwa vya miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi vilifungiwa asbestosi kwenye mabomba ya moshi na ndani ya kuta. Vumbi lake likivutwa huharibu mapafu, na ugonjwa hujitokeza baada ya miaka mingi. Msikwangue wala msipasue kitu cheupe chenye nyuzi mpaka mtaalamu amekipima. Na breki zipimwe kabla injini haijawashwa, kwa kuwa kichwa cha tani 100 kinachosogea bila breki hakizuiliki kwa mawe.

Ushauri wetu, vijana, ni kwamba muanze na lengo lililo dogo kuliko kuwasha. Kichwa ambacho milango yake inafunguka, taa za ndani zinawaka kwa umeme wa nje, honi inalia kwa hewa ya kompresa ndogo na mtoto anaweza kukalia kiti cha dereva, kitawavuta watu Kasese bila kutia tone la dizeli. Kuwasha kuje baadaye, mkiwa na mstaafu aliyewahi kuishi na mashine ya aina hiyo akisimama kando yenu.

Vitu vya marehemu

Swali: Baba yangu aliendesha treni kwenye njia ya kaskazini, hadi Pakwach. Alifariki mwaka jana. Ameacha taa ya mkono, daftari lenye tarehe na namba za vichwa, kitabu cha mafunzo ya dizeli chenye michoro, na picha chache. Ndugu wanataka taa ing'arishwe iwekwe sebuleni na karatasi zitupwe. Nifanyeje? (Binti wa dereva, Gulu)

Jibu: Pole sana, dada, kwa kumpoteza mzee. Waombe ndugu zako wazuie mikono yao kwa muda, kwa sababu katika vitu vyote ulivyovitaja, karatasi wanazotaka kuzitupa ndizo zenye thamani kubwa kwa historia. Taa za namna ile zilitolewa nyingi. Daftari la dereva linaloonyesha kichwa kipi kilikwenda wapi, tarehe ipi, na hitilafu ipi ilitokea njiani, halina nakala. Njia hiyo ya kaskazini, iliyofika Pakwach mwaka 1964, iliacha kumbukumbu chache za watu waliokuwa wakiifanyia kazi, na daftari la baba yako linaweza kueleza kile ambacho ripoti za ofisini hazikukiandika.

Usilitie daftari wala picha katika plastiki ya kuyeyushwa kwa moto, kwa maana haitoki tena na huharibu karatasi. Usibandike kwa selotepu. Vitie katika bahasha za karatasi safi, ndani ya sanduku lililo mbali na paa la bati na mbali na sakafu, ambako mchwa hawafiki. Piga picha kila ukurasa kwa simu wakati wa mchana, karibu na dirisha, na uhifadhi nakala hizo katika mahali pawili tofauti. Nyuma ya kila picha ya zamani andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, majina ya wanaoonekana na stesheni, wakati mama au wajomba bado wanaweza kukumbuka. Taa isisuguliwe kwa kemikali wala kupakwa rangi. Ipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu na uiache na alama za mikono yake.

Kitabu cha mafunzo usikidharau kwa kuwa kimechapwa. Michoro ya nyaya za umeme ya vichwa vya zamani ni adimu, na mafundi wa makumbusho wanaotaka kuelewa kabati la umeme la mashine ya miaka 50 huitafuta kwa udi na uvumba. Kama kuna maandishi ya baba yako pembeni mwa kurasa, usiyafute.

Kisha andikia makumbusho ya reli ya Jinja, ukieleza ulicho nacho na kuambatanisha picha mbili au tatu, kabla ya kusafirisha chochote. Waulize kama wana mahali pakavu pa kuhifadhi karatasi, kwa sababu si kila jumba linaloonyesha vichwa vya treni lina chumba cha kumbukumbu. Mkikubaliana, dai hati iliyosainiwa inayosema waziwazi kama unatoa zawadi au unaazima, jina la baba yako liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha kazi, na wewe ubaki na nakala ya hati hiyo pamoja na picha za kila ukurasa wa daftari.